Mjapani wa Uyole, au nilivyotaka kuwa tajiri wa mbwa

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi la Uyole yetu ya Mbeya lile la ukiongea moshi unatoka mdomoni, nilikuwa nimekaa uani juu ya ndoo niliyoipindua, mbele yangu kasimama mbwa wa kilo thelathini na tano amelowa mafuta ya watoto kuanzia shingoni mpaka mkiani, yale yale ya kupaka vichanga, chupa mbili zimeisha na ya tatu nimeshaifungua. Wife kachungulia dirishani, katikisa kichwa, karudi ndani. Mafuta unayaacha saa moja mpaka mbili yaingie kwenye ngozi, muda wote huo kazi yako ni kumzuia asiende kujigaragaza kwenye udongo, af unamuosha na sampo na maji ya uvuguvugu, kwahiyo pembeni kuna jiko la mkaa na sufuria kubwa ile ya kwenye shughuli. Ukianza kuchana, manyoya yanatoka yakiwa na magamba yameng'ang'ania kwenye shina, meupe, makavu, kama pumba za mahindi. Chanuo linajaa, unalipangusa kwenye gunia, unaendelea. Mgongoni palikuwa na eneo kama sahani ya kulia ugali ambalo halina unyoya hata mmoja.

Huyo ndo Hachi. Mtaani wanamwita Mjapani. Alinigharimu milioni moja na nusu kabla hajaonja hata tonge la kwangu, na kuna watu mpaka leo wananinunia kwa sababu yake, kati ya wanne waliotaka awapandie majike yao nikawakatalia. Nimeulizwa sana hili jambo, wengine wanasema naringa, sasa ngoja nilimwage lote hapa halafu nisiulizwe tena.

Mwanzo wake ni tamaa, nisizunguke. Nilikuwa nimelala na simu usiku nikaangukia stori ya Hachiko, wengi mnaijua, yule mbwa wa Tokyo aliyekuwa akimsubiri profesa wake stesheni ya Shibuya. Profesa Ueno alikuwa mtu wa kilimo pale chuo kikuu, akafariki ghafla mwaka 1925, mbwa akaendelea kwenda stesheni karibu miaka kumi mpaka na yeye akafa mwezi Machi 1935. Nikalia, sikatai. Halafu machozi hayajakauka nikaanza kuuliza hawa mbwa wanauzwaje. Nikachukua risiti ya mbolea nikageuza nyuma nikapiga hesabu: dume moja, baadaye jike moja, watoto sita, kila mtoto milioni, mara mbili kwa mwaka. Nikazungushia jumla duara. Nikajiona tayari nina Noah.

Nikampata muuzaji Dar, mtu wa picha nzuri nzuri, mbwa wamekaa kwenye majani mabichi. "Boss hii ni akita orijino, koo safi, baba yake ana makaratasi." Sikuomba kuyaona makaratasi. Sikuuliza mama. Mimi ninayeshika kuku wa soko la Uyole nikampuliza manyoya, nikampima kifua kwa kidole, nikabishana dakika ishirini kwa elfu mbili, nilituma milioni na nusu kwa mtu nisiyemjua sura.

Mtoto akaja kwa basi. Alikuwa na wiki tano tu. Boksi la biskuti limetobolewa matundu kwa bisibisi, likasukumwa chini ya siti ya nyuma, Chalinze, Mikumi, akapanda mlima Kitonga humo humo kwenye giza, zaidi ya kilomita mia nane, na konda akachukua chake juu. Nilimpokea stendi ya Nane Nane saa tatu usiku, boksi limelowa, lina harufu, yeye anatetemeka hata sauti haitoki. Nikamweka ndani ya koti nikapanda bajaji. Usiku ule nilidhani ni baridi tu. Baadaye nikaja kujua Japani kwenyewe sheria inakataza kumuuza mtoto wa mbwa kabla ya siku 56, na kwa hawa wa asili yao, mzalishaji akimkabidhi mnunuzi mwenyewe moja kwa moja, wameruhusu siku 49. Wa kwangu alikuwa na 35 na amepita Kitonga kwenye boksi.

Na kitu cha pili nilichokiona asubuhi kulivyokucha: uso wake ni mweusi. Mwili wa rangi ya mchanga, lakini kuanzia puani mpaka machoni kama amechovya kwenye masizi ya sufuria. Mzuri, usiniulize. Ila zile picha za Hachiko zilikuwa na mashavu meupe.

Hapo ndo nikaanza kusoma, na nilivyoanza sikulala vizuri kama miezi miwili.

Kumbe akita ni wawili. Yupo wa Japani, mwekundu au wa mistari ya chui milia au mweupe, mashavu na kifua vyeupe, uso mdogo kama wa mbweha. Na yupo wa Kimarekani, mkubwa, mfupa mzito, mwenye uso mweusi, ambaye Japani hawamtambui kabisa kama akita wao. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, kufikia mwaka 2000 walishawatenganisha kuwa aina mbili. Na namna walivyotengana ndo iliyonimaliza. Vita ya pili ya dunia, chakula hakuna, jeshi la Japani linahitaji ngozi na manyoya ya kutengenezea nguo za askari, mbwa wanakusanywa wanauawa. Jerman shepedi peke yake ndo anaachwa, kwa sababu ni mbwa wa jeshi. Sasa mwenye akita wake afanyeje? Wengine wakaenda kuwaficha milimani, wengine wakawapandisha na Jerman ili watoto wafanane na mbwa wa serikali wasichukuliwe. Vita ilipoisha wanajeshi wa Marekani wakawapenda wale wakubwa wenye damu mchanganyiko, wakaondoka nao. Wajapani waliobaki wakaanza kazi ya kuirudisha ile sura ya zamani, uzao mmoja baada ya mwingine, miaka na miaka, wanachagua na kuacha, na yule mwenye uso mweusi anabaki pembeni.

Kwahiyo huenda ule weusi kwenye uso wa mbwa wangu ni wa vita. Nilikaa namwangalia anakunywa maziwa, masizi usoni, nikasema we mtoto umetoka mbali.

Lakini kilichonigusa zaidi ni neno moja. Zamani, kabla hawajawa na majina ya maringo, mbwa wao waliwaita jiinu, maana yake mbwa wa hapa hapa, wa mahali. Kienyeji! Mswahili akilisikia atadhani ni jibwa, na kweli walichukuliwa hivyo hivyo, majibwa. Japani ilipofungua milango kwa wazungu karne ya 19, wenye nazo wakataka mbwa wa Ulaya. Tena watu walisikia wageni wakiwaita mbwa wao kwa Kiingereza, njoo hapa, kam hia, wakadhani mnyama mwenyewe anaitwa hivyo, basi mbwa wa kizungu akapewa jina kame. Nikacheka peke yangu mpaka wife akauliza kuna nini. Sasa sisi? Mlinzi wa jirani yangu Msafwa, bosi wake Mnyakyusa, lakini mbwa anaambiwa "kam! siti! daun!" Ukimsemesha Kiswahili eti hasikii.

Ikafika miaka ya 1920 mbwa wa kienyeji wa Japani wanaisha mijini, chotara kila kona. Kuna bwana mmoja, Saito Hirokichi, akaanzisha mwaka 1928 chama cha kuwahifadhi, kinaitwa Nihon Ken Hozonkai, wenyewe kwa kifupi Nippo. Huyu bwana hakwenda dukani, alikwenda milimani kwa wawindaji, kule ambako mbwa bado anafukuza nguruwe pori na dubu, akawa anawatafuta na kuwaandika. Ndo huyu huyu aliyepeleka stori ya Hachiko kwenye gazeti la Asahi mwaka 1932, bila yeye huenda mimi na wewe tusingelijua hilo jina. Serikali nayo ikaingia. Akita akatangazwa urithi wa asili wa taifa mwaka 1931, wakafuata wenzake wa kienyeji, kai na kishu 1934, shiba 1936, shikoku na hokkaido 1937. Yani kama sisi tulivyoichukua Kitulo kuwa hifadhi tukasema haya maua hayaguswi, wao walifanya hivyo kwa mbwa. Na alikuwepo wa saba, mbwa wa Koshi, naye alitangazwa mwaka 1934. Huyo hayupo tena. Alipotea moja kwa moja, akiwa na cheti cha serikali.

Hii nilirudia kuisoma mara mbili. Karatasi ipo na mbwa hayupo.

Leo shiba mnamuona kila mahali kwenye vikatuni vya mitandaoni, yule mwekundu anayekuangalia kwa pembeni, na kati ya mbwa wa asili wa Japani yeye peke yake ni karibu asilimia 80. Waliobaki ni wachache kweli. Kai ana mistari kama chui milia, wa milima ya Yamanashi. Kishu mweupe, wa nguruwe pori, kule Wakayama na Mie. Shikoku ana rangi kama ufuta uliochanganyika. Hokkaido alikaa na Waainu, wenyeji wa asili wa kule kaskazini, kwenye theluji. Ukitaka kununua mmoja wa hao kwa mzalishaji anayejielewa, utaulizwa maswali mpaka ujute. Unaishi wapi, ukuta una urefu gani, ulishawahi kufuga, mbwa akikushinda utamfanyaje, na jibu sahihi la hilo la mwisho ni moja tu: atarudi kwake. Inaandikwa kwenye mkataba. Mimi niliulizwa swali moja, "unatuma kwa mtandao gani?"

Sasa turudi kwa Hachi na mgongo wake.

Alikua vizuri. Dona, utumbo, usipa wa Kyela anaowapenda mpaka anazungukazunguka sufuria, chanjo zote nikampa, kichaa cha mbwa, distempa, pavo. Alivyofika miaka miwili, manyoya yakaanza kupoteza mng'ao, kama mtu aliyepaka majivu. Halafu yakaanza kutoka. Duka moja la dawa za mifugo wakaniambia ni upele, wakanipa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikamuogesha. Akawa mbaya zaidi, ngozi ikachubuka, akawa anajikuna usiku kucha mpaka kucha zinagonga bati. Nikaongeza dozi kwa akili zangu, na hilo ni kosa langu silitupi kwa mtu. Mwisho kijana mmoja daktari wa mifugo, wa kike, mtaratibu, akamwangalia, akang'oa unyoya mmoja akauinua kwenye mwanga, akaniambia kaka huu si upele. Akakata vipande vidogo vya ngozi, vikapelekwa Morogoro, chuo kikuu cha kilimo SUA, majibu yakarudi: tezi za mafuta za kwenye ngozi zinashambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe na kufa. Akita ni moja ya aina zinazojulikana kwa huo ugonjwa. Hauambukizi, hauponi, unaudhibiti tu, ndo hayo mafuta ya watoto na vidonge vyenye bei ya ada ya shule.

Halafu akaniuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa na mimi miaka miwili nyuma. "Wazazi wake unawafahamu?"

Nikampigia muuzaji. Simu ya kwanza akawa mchangamfu akidhani nataka mwingine. Nikamwambia naomba kujua tu ukoo, baba nani mama nani. Akajibu bila hata kushtuka, baba ni yule dume wake mkubwa, mama ni binti wa dume huyo huyo, "ndo maana damu ni safi boss, haijachanganyika." Nikamuuliza wengine waliozaliwa naye wakoje. Akakata. Tangu siku hiyo namba yangu haiingii.

Jamani. Huku kwetu posa haiendi mpaka wazee wakae waulizane koo, bibi yako alitoka wapi, mama wa baba yako ni wa nani, na ikigundulika kuna damu, hata kama kadi zimeshachapishwa, shughuli inavunjwa. Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Kila kiumbe kina nakala mbili za kila jeni (jeni, sio jini, mama yangu alishtuka nilipokuwa namweleza), moja ya baba moja ya mama. Nakala mbovu moja mara nyingi haina shida, ile nzima inafunika. Tatizo linakuja mbovu mbili zikikutana, na zinakutana kirahisi kama baba na mama wamezitoa kwa babu mmoja. Binamu wa kwanza wakizaliana, sehemu ya kila mia ambayo mtoto anatarajiwa kuwa na nakala pacha kutoka kwa babu huyo huyo ni 6.25. Ndugu wa baba mmoja mama tofauti, 12.5. Baba na binti yake, 25. Robo! Yule bwana alikuwa ananiuzia hiyo robo kwa jina la usafi.

Ila hapa nitende haki, maana kusema "usipandishe ndugu" ni rahisi ukiwa na mbwa wengi. Kwenye mbegu adimu ndugu ni wote. Shiba mwenyewe, pamoja na wingi wake, ukifuata ukoo nyuma unafika kwa dume mmoja wa Shimane aitwaye Ishi na jike mmoja wa Shikoku aitwaye Koro, mtoto wao Aka, na kwenye uzao wa Aka, Naka, aliyezaliwa mwaka 1948, ambaye kila mtu alimtaka kwa sababu vita na distempa vilikuwa vimefagia wengine. Huwezi kuwalaumu, walikuwa wanazima moto kwa maji yaliyopo. Lakini bili imekuja. Kuna ugonjwa wa ubongo kwa shiba, unaitwa GM1, mtoto anazaliwa mzima, anacheza, mmeshamzoea na jina mmempa, anafika miezi mitano sita anaanza kuyumba kama mlevi, anashindwa kusimama, na mara nyingi hamalizi mwaka na nusu. Wabebaji wawili, yani wenye nakala mbovu moja moja, wakikutana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Wajapani walitengeneza kipimo cha DNA, tone la damu tu unajua nani mbebaji.

Na hapa ndo nilipojifunza kitu ambacho nilikuwa nakifikiria kinyume. Nilidhani mzalishaji mzuri akishapima anawatoa wabebaji wote. Hapana. Ukiwa na mbwa wachache ukawatupa wote wenye kasoro moja, unabaki na wachache zaidi, kesho kutwa unaibua ugonjwa mwingine uliokuwa umejificha kwa hao "wasafi". Mbebaji mwenye tabia nzuri na nyonga nzuri anapandishwa na asiyebeba, watoto hakuna atakayeugua, unapima tena, unachagua, unasonga polepole. Halafu usimtumie dume bingwa mmoja kwa kila jike wa nchi nzima hata kama ana mataji ukutani, maana wajukuu wote watakuwa binamu. Ni kazi ya daftari zaidi kuliko ya banda. Unaandika aliyekufa, unaandika aliyekufa kwa nini, na unamwambia mwenzako ukweli hata kama unakuharibia soko. Kwa ugonjwa wa Hachi inaonekana unarithiwa ila sio wa kupima kwa tone la damu ukajua nani anaubeba, kwahiyo silaha iliyopo ni hiyo tu, kuandika na kusema. Na kutopandisha mgonjwa.

Ndo tukaja kwa wale wanne.

Watatu niliwakatalia kwenye simu, wakanitukana kwa heshima. Wa nne alikuja mwenyewe. Mzee mmoja wa Mbalizi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alishuka kwenye bajaji na jike lake la Jerman limefungwa kamba ya katani, liko kwenye joto, na mkononi ana jogoo mwekundu amemfunga miguu. Jogoo ndo wangu. Na mtoto mmoja wa kuchagua, kama desturi. Hachi yuko bandani analia kama ananyongwa, maana harufu imeshafika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mtoe huyo Mjapani, mimi sikai sana."

Nikamkaribisha chai, nikamzungusha, mwisho nikamwambia baba, mbwa huyu hapandi. Akaangalia kule bandani, akaniangalia mimi. "Hawezi?" Anaweza, ila mgonjwa. "Mbona anaruka hivyo?" Nikamtoa nikamuonyesha mgongo. Akasema aah, ngozi tu, mimi sili mbwa ngozi. Akaanza kukasirika, na mzee wa watu katoka Mbalizi na jogoo. Kwamba vijana wa siku hizi tuna choyo, mbwa namfanya kama mwali. Nikatafuta pa kushika. Nikamuuliza baba, lile fahali la kijiji, ukalikuta limempanda binti yake, unafanyaje?

Akanyamaza. Akaweka kikombe chini.

"Mimi nilikuwa nalo," akasema. "La rangi mbili. Lilizaa vizuri sana, sikutaka kuliuza. Miaka sita lipo pale pale. Ndama wakaanza kuja wadogo, mmoja alizaliwa hana mlango wa nyuma. Bwana mifugo akaniambia mzee, unachelewa nini, tumia mrija." Yani uhimilishaji, ile mbegu ya chupa. Akaendelea, "sasa mbwa nani atakuletea mrija?" Nikamwambia hakuna. Akacheka kidogo. Tukaongea fahali mpaka chai ya pili. Wakati anaondoka akasema jogoo ubaki, nikakataa, akasema mkono wa mgeni haurudi na kitu, nikasema ndaga fijo, yani ahsante sana, baba, jogoo akabaki. Kwahiyo kati ya wote nimekula jogoo mmoja kwa kazi ambayo haikufanyika.

Wanaosema naringa wanaelewa jambo moja vibaya, wanadhani mwenye mbwa wa gharama faida yake ni kupandisha. Nimesoma habari za wazalishaji wa hao kishu na shikoku huko nje, wengi wana uzao mmoja kwa mwaka au hakuna kabisa, wanasubiri mbwa afikishe miaka miwili wampige picha ya nyonga, wampime macho, na picha ikitoka mbaya ndo basi tena, miaka miwili ya chakula na mapenzi mbwa anakuwa wa nyumbani tu. Mbwa wale wana ukali wao wa kuwindia, haumpi kila mwenye geti. Baridi yetu ya Makete na Njombe ingewafaa sana, theluji tu ndo hatuna, na nakiri kuna usiku nimewaza kuleta jike wa hokkaido. Nikajiuliza nitampandisha na nani hapa? Ndugu yake? Kwa kipimo cha maabara ipi? Nikazima simu nikalala.

Mwezi wa tisa nikaita yule daktari tukamhasi. Huku kuhasi sio ajabu, maksai wote wa kulima walipitia hapo, ila mbwa wa milioni na nusu majirani walikuja kuangalia kama msiba. Shemeji yangu wa Mafinga alipiga simu kutoa pole, nikadhani anatania, kumbe kweli. Ile risiti ya mbolea yenye duara bado ninayo, iko kwenye daftari la Hachi, ukurasa wa kwanza, halafu zinafuata tarehe za mafuta, uzito, vidonge, na upande wa ukoo nimeandika nilichoambiwa na muuzaji neno kwa neno, ili kama kuna mtu mwingine alinunua pale akanitafute tulinganishe.

Manyoya ya mgongoni yameanza kurudi, mafupi, laini, rangi imefifia kidogo. Mkia bado. Saa nne jua likishatoka analala pale pale ninapomwoshea, masizi yake usoni, anamwangalia mtetea wa jirani bila haraka.

Juzi imeingia meseji namba ngeni, kutoka Songea. "Bro habari, nasikia unayo mbegu ya Hachiko, sh ngapi?"

Nikamjibu, mbwa ninaye, mbegu hana.